Mifugo isubiri mbaazi zivunwe



Natoa maoni yangu kuhusu desturi ya kufungulia mifugo mashambani mara tu mahindi yanapovunwa. Hapa kwetu wilayani Babati tunatangaziwa kwamba mavuno yamekwisha na mabua ni ya wote. Mavuno ya nani? Mbaazi ndiyo kwanza zinatoa maua!

Wapo wanaodai kwamba anayechanganya mahindi na mbaazi anajipunja, kwa kuwa mimea hiyo hunyang'anyana maji na rutuba. Ingekuwa kweli kama ingekula wakati mmoja. Mahindi yana haraka: kwa miezi minne hivi hunywa maji ya juu, hutanua majani, hubeba na kukauka. Mbaazi iliyopandwa siku ile ile hukaa chini, nyembamba, haina makuu. Mahindi yakishakauka jua huifikia, na mizizi yake iliyozama sana hufuata unyevu ambao mahindi hayakuugusa. Ndipo inapotoa matawi, maua na maganda, mvua ikiwa imekwisha zamani. (Nazungumzia hizi zetu za muda mrefu, zile za muda mfupi zikibananishwa na mahindi hugombana nayo kweli.) Adui wa mahindi ni magugu, yanayoota pamoja nayo na kutaka kila kitu katika wiki zile zile za mwanzo. Ndiyo maana palizi ikichelewa hasara hairudi, hata ukipalilia mara tatu baadaye.

Sasa mkulima amengoja zamu hiyo ya pili ya shamba lake, na ng'ombe wanaimaliza kwa asubuhi moja. Akilalamika anaambiwa asubiri msimu ujao. Ni kweli bei ilitutesa India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi mwaka 2017, lakini bei mbaya si ruhusa ya kulisha mifugo mali ya mtu. Wafugaji siwalaumu sana. Wao hufuata tangazo, na kiangazi malisho ni shida.

Naziomba halmashauri za vijiji zitangaze siku ya kufungua mashamba kwa kuangalia mbaazi, siyo mahindi. Kwa wakati huo mabua yakatwe na kupelekwa zizini, na atakayeingiza mifugo kabla ya siku hiyo alipe fidia mbele ya mkutano wa kijiji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Babati.