Tusiwafukuze Watoto Jikoni



Wapo wazazi miongoni mwetu, huku Uingereza, wanaonunua maboksi ya majaribio ya sayansi kwa bei ya kuumiza na kulipia masomo ya ziada kila Jumamosi. Lakini mtoto huyo huyo akisogea jikoni kuuliza kwa nini unga umeumuka, huambiwa: "Toka hapo, nenda kasome!" Akasome nini, kama si hicho alichokuwa anakiuliza?

Wazazi hao wanaamini kwamba sayansi ni ya shule na ya Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni cha salamu na kukemea. Imani hiyo tunaipinga. Kuumuka, kuchacha, kuganda, kuyeyuka, kuloweka, mvuke: hayo yote ni maneno ya sayansi, na bibi zetu waliyatumia kila siku. Mtoto asipoyapata jikoni kwetu, hatayapata popote katika nchi hii.

Tazameni chupa ya mafuta ya nazi. Mombasa au Unguja hayo ni mafuta ya kumimina. Hapa, baridi ikiingia, yanaganda kabatini yakawa meupe kama mshumaa. Hayajaharibika. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtoto akiyashika kiganjani atayaona yakiyeyuka kwa joto la mwili wake mwenyewe.

Au chukueni kitambaa cheupe chenye doa la bizari ya manjano. Kipakeni sabuni ya mche: doa linageuka jekundu. Kamulieni ndimu: umanjano unarudi. Sabuni na ndimu zina tabia zinazopingana, na bizari ndiyo shahidi.

Au gawanyeni unga wa maandazi mabakuli mawili, moja likae penye joto, la pili kwenye friji. Kwanza mtoto aseme lipi litatangulia kuumuka, kisha angoje aone. Hapo ndipo aelezwe kwamba hamira ni viumbe hai vidogo mno, vinavyokula sukari na kutoa gesi inayouinua unga, na kwamba baridi huvipunguzia kasi. Kukisia, kujaribu, kuangalia: sayansi ndiyo hiyo.

Anayedhani haya ni michezo tu amkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliharakisha kuweka maziwa ya moto kwenye friza, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuacha kuuliza. Alimuuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, lakini wanaliita kwa jina la Mpemba. Lilianzia kwenye maziwa na sukari.

Tutaambiwa jikoni kuna moto na visu. Ni kweli, na mtoto mdogo asikaribie karai la mafuta. Lakini kuloweka maharage na kuyapima kesho yake yamevimba kiasi gani hakuunguzi mtu. Tutaambiwa pia kwamba tunarudi kutoka zamu ya usiku tumechoka. Hilo nalo tunalijua. Ila hatusemi mtu aongeze kazi; chakula kitapikwa tu. Tunachoomba ni kigoda kimoja zaidi jikoni, na subira ya kujibu maswali mawili matatu.

Jibu tusilolijua, tusilifunike kwa ukali. Na mtoto akikisia vibaya, tusimcheke. Tumwambie: "Haya, tujaribu tuone."