KIPORO CHA WALI SI AIBU

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia bei ya karafuu, hali ya bandari na wajibu wa watendaji. Leo tunaingia jikoni. Wako watakaouliza tangu lini jambo la sufuria likawa jambo la tahariri. Hao tunawakumbusha kwamba mwaka 1975, huko Bara, wananchi walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio kusikiliza mafunzo ya kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai, na hatukusikia kwamba Taifa lilijishushia hadhi kwa kufanya hivyo.

Tuchukue nyumba ya mfanyakazi wa kawaida, iwe Unguja au Pemba, jioni ya Jumatano. Mama ametoka kazini, amesubiri daladala juani, na amefika kwake Alasiri imeshapita. Watoto wako chuoni na watarejea Magharibi na njaa yao. Baba naye, tuseme kweli, yuko barazani, na akiingia ndani anatarajia wali mpya wa nazi: nazi ikunwe, tui lichujwe, moto uwashwe na wali upaliwe makaa juu na chini. Mama akiyafanya yote hayo, analala amechoka kuliko alivyorudi. Asipoyafanya, mtoto anatumwa chipsi, na fedha ambazo zingenunua kitoweo cha siku mbili zinaishia katika mfuko mmoja wa plastiki. Wakati huo huo bakuli la wali wa jana limekaa katika friji likingoja kumwagiwa kuku alfajiri.

Rai yetu ni kwamba wali ule ule, ukikaangwa kwa nyama kidogo ya kuku na pilipili, unatosha kuwa chakula cha usiku cha watu wenye heshima zao, na unakuwa tayari katika muda usiozidi nusu saa. Tunajua tutapingwa. Visiwani kwetu neno kiporo limebeba dharau. Mgeni hapewi kiporo, na mume anayeandaliwa kiporo huona amepunguziwa hadhi. Kasumba hii ina gharama, na aghalabu anayeilipa ni mwanamke.

Hata hivyo gharama si ya nyumba moja tu. Watu wa visiwa hivi tunapenda wali kuliko chakula kingine chochote, ilhali mchele tunaoulima haututoshi, na sehemu kubwa ya tunaoula inavuka bahari. Haikuwa hivyo daima. Kabla ya mikarafuu kutanda katika karne ya 19, Pemba ilikuwa ikipeleka mchele Mombasa. Karafuu ilileta fedha, na fedha ikatuzoesha mchele wa wenzetu. Tulionja ubaya wa mazoea hayo mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, na mchele wa huko uliokuwa ukija kwetu ukakatika. Wazee wakairudia mihogo wasiyokuwa wakiitaka. Tuliuonja tena katika miaka ya 1970, mchele ulipotolewa kwa mgao na foleni zikaanza kabla ya jua kuchomoza. Sisi wa umri wa miaka arubaini na kitu tulizikuta foleni zile zikielekea ukingoni, kwani kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ililegezwa. Lakini tumelelewa na mama zetu waliozipanga, na katika nyumba zao punje ya wali haikupotea. Chuoni nako tulifunzwa kwamba israfu ni haramu, na kwamba tonge likianguka huokotwa, likafutwa, likaliwa. Leo, katika arusi na maulidi zetu, masinia yanarudi nusu na yanamwagwa nyuma ya nyumba na watu wale wale waliofunzwa hivyo.

Wala tusidhani kukaanga wali wa jana ni jambo la kubahatisha lililozuliwa na wenye dhiki. Wachina, ambao chakula hiki ni chao kwa asili, wana mji wao uitwao Yangzhou unaosifika kwa wali wa kukaanga wa mayai. Waindonesia wana nasi goreng yao, wanaila asubuhi na usiku, tajiri na maskini. Hao ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao za kretek, hadi walipojitosheleza kwa karafuu za mashamba yao wenyewe. Ikiwa watu wa visiwa wenzetu hawaoni haya, sisi tunaona haya ya nini?

Sasa tuseme unavyopikwa, kwa kuwa shauri lisilofundisha kazi ni kelele. Sisi wenyewe tumeupika, tena zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza tuliuharibu.

Kwa watu sita, chukua wali mweupe uliopoa, vikombe vikubwa sita. Tunasisitiza uliopoa. Wali wa moto ukitiwa katika karai hugeuka bokoboko, lakini ukipoa wanga wake hukaza na punje huachana. Uvunjevunje kwa mkono uliooshwa kabla haujafika motoni. Nyama ya kuku iwe nusu kilo, isiyo na mifupa, ikatwe vipande vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole, itiwe chumvi, pilipili manga na ndimu, iachwe wakati wewe unakata vitunguu. Kuku wa kisasa ndiye anayefaa kwa haraka hii. Kuku wa kienyeji ana ladha ambayo hatuna haja ya kuieleza, lakini ni mgumu. Huyo mchemshe siku ya mapumziko, supu muinywe, na nyama itakayobaki ichambuliwe iwekwe katika friji kwa kazi hii.

Vitunguu maji viwili, thomu punje nne, tangawizi kiasi cha kidole gumba, karoti moja, pilipili boga moja kama ipo, na pilipili mbuzi mbili. Mwenye watoto wadogo atoe mbegu. Mayai mawili, vijiko vinne vya mafuta, kijiko kidogo cha bizari ya pilau, na vijiko viwili vya sosi ya soya. Asiye na sosi hiyo atumie chumvi na ndimu, wala asikope kwa jirani.

Karai la chuma liwekwe juu ya moto mkali mpaka lipate moto hasa, ndipo mafuta yatiwe. Hapa ndipo tulipokosea sisi: tulimimina nyama yote kwa pamoja, ikatoa maji, na tukawa tunachemsha badala ya kukaanga. Kaanga nusu kwanza, kisha nusu nyingine, mpaka ndani kusiwe na wekundu wowote, uitoe. Katika mafuta yale yale vuruga mayai, yatoe nayo. Tia vitunguu, kisha thomu, tangawizi, pilipili na bizari. Harufu ikipanda tia karoti na pilipili boga, kisha wali. Usikoroge kama unayesonga ugali. Utandaze, uache uguse chuma kwa muda kidogo mpaka uanze kushika ukoko mwepesi, ndipo uugeuze. Sosi imwagwe pembezoni mwa karai, nyama na mayai virudishwe, ndimu ikamuliwe juu, na kotmiri ikatwekatwe kumalizia. Kwa saa tuliyoiangalia, kutoka mafuta kutiwa hadi sinia kuwekwa mkekani zilipita dakika kumi na nane.

Yapo mambo yanayohusu usalama, na hapa tunamwomba msomaji asitupite haraka. Wali unadhuru ukiwekwa ovyo. Yuko bakteria, wataalamu humwita Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi kwa kuchemsha mchele. Wali ukiachwa katika sufuria yenye joto, mbegu hizo huchipua na kuzaliana, na sumu zinazotolewa humo ni pamoja na moja ambayo moto wa kupashia hauiondoi. Ndiyo maana si kweli, kama wasemavyo wengi, kwamba wali ukikaangwa sana hauna neno. Katika miaka ya 1970 Waingereza waligundua kwamba watu waliokuwa wakitapika baada ya kula wali wa kukaanga wa mikahawani waliponzwa na wali uliochemshwa mapema ukaachwa nje kwa saa nyingi. Nasi tuliwahi kuhudhuria shughuli moja ambayo wali wa adhuhuri ulifunikwa katika majungu ukagawiwa baada ya Isha. Usiku ule hatukulala, wala wenzetu hawakulala.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Wali wa kuwekwa uwe mweupe, kwani wali wa nazi huchacha upesi. Ukishaiva na kuliwa, uliobaki usiachwe sufuriani. Utandazwe katika sinia upoe haraka, na kabla ya saa mbili kupita uwe ndani ya friji, ukae humo siku moja tu, upashwe mara moja tu. Ukipashwa ukabaki tena, huo sasa ni wa kuku. Nyumba isiyo na friji isijaribu kuweka wali wa adhuhuri hadi usiku. Itafanya hivi: mchele uchemshwe baada ya Alasiri, jambo ambalo hata kijana wa kiume anaweza kulifanya, utandazwe katika sinia na kufunikwa kwa kawa mahali penye upepo, na ukaangwe mara baada ya Magharibi. Hicho si kiporo tena, lakini raha yake jikoni ni ile ile.

Neno friji linatufikisha kwa waheshimiwa watendaji, ambao pengine walidhani leo wamesalimika. Mama hawezi kuweka akiba ya wali wala ya nyama ikiwa umeme ni wa kubahatisha. Hatujasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, wala giza lililoanza Desemba 2009 likadumu kwa miezi mitatu, samaki na nyama vikaoza katika majokofu ya watu. Waya mpya wa baharini wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na tunaishukuru hatua hiyo. Lakini umeme unaofika kisiwani na umeme unaofika katika kijiji ni mambo mawili, na anayekatiwa mara kwa mara bila taarifa hupoteza chakula, ambacho ni fedha yake.

La pili ni kuku mwenyewe. Inasikitisha kumwona mkulima wa shamba akinunua mapaja ya kuku wa barafu yaliyokuja kwa kontena, na hali uani kwake mna nafasi ya kufuga majogoo ishirini. Ukimuuliza, atakwambia alifuga, na kideri kikapita kikawafagia wote kwa wiki moja. Kideri hakitibiki, lakini kinazuilika. Ipo chanjo ya tone moja la jichoni, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone hilo halimfai mfugaji likiwa limefungiwa katika ghala ya mjini. Tungependa kuona kila shehia ikiwa na mtu wake aliyefunzwa kuchanja, analipwa kwa kazi hiyo, na tarehe zake zimebandikwa penye ofisi ya sheha kama zinavyobandikwa tarehe za chanjo za watoto. Bei ya chakula cha kuku nayo itazamwe, maana wafugaji wadogo wengi waliotuzungumza wanasema hiyo ndiyo iliyowatoa katika kazi, wala si uvivu wanaosingiziwa.

La tatu ni mchele. Mabonde ya Cheju na Kibokwa yapo, na maji ya umwagiliaji yamepelekwa katika baadhi yake kwa fedha nyingi. Misingi ikiziba na pampu zikisimama bila ya mtu kuulizwa, fedha hizo zitakuwa zimekaangwa bila mafuta. Kamati za Chama za maeneo hayo zinao uwezo wa kwenda kuangalia kwa macho, kuandika walichokiona, na kuleta taarifa inayosema bonde fulani limelimwa eka ngapi msimu huu na ngapi zimekauka kwa sababu gani. Sisi tuko tayari kuzichapa taarifa hizo katika ukurasa huu huu.

Na akina baba wa barazani tunawaomba jambo moja dogo, waanze nalo wiki hii: Jumatano, wakirudi kutoka sala ya Alasiri, wapite sokoni wenyewe wanunue nusu kilo ya kuku, pilipili mbuzi mbili na fungu la kotmiri, na mchele wauchemshe wao.