Msimwite "Kichwa Ngumu"

Nimechoka na neno moja: kichwa ngumu. Hapa Bwera ninafanya kazi na watoto na vijana, wengi wao wamevuka mto Lubiriha kutoka Kasindi na Beni. Mara kwa mara mzazi ananiletea mtoto na kusema, "Huyu iko na kichwa ngumu, umutengeneze." Kuna mmoja wa miaka tisa. Ukimtuma achukue mpira, afunge mlango, kisha aje, mpira atachukua, mlango atasahau, na utamkuta amekwenda kwingine. Kesho ni yale yale. Shuleni anapigwa, nyumbani anapigwa, na kanisani anaombewa mapepo yamtoke.

Mapepo gani? Kati yetu kuna watoto waliokunywa pombe kabla hawajazaliwa. Hatutaki kulisema, basi leo mimi nalisema.

Pombe anayokunywa mama mwenye mimba inaingia kwenye damu yake, inapita kondo la nyuma, na kumfikia mtoto. Ini la mtoto bado changa, haliwezi kuivunja pombe kama ini la mtu mzima. Na ubongo unajengwa miezi yote tisa: seli zinazaliwa, zinasafiri hadi mahali pake, zinaungana. Pombe inaua baadhi ya seli hizo, na nyingine inazipoteza njia. Inaweza kuumiza sehemu inayounganisha pande mbili za ubongo, sehemu ya kumbukumbu, na ile ya kujizuia na kupima matokeo ya tendo. Mtoto wa namna hiyo unaweza kumwadhibu leo, akalia, akaomba msamaha kwa moyo wote, na kesho akarudia. Hakudharau. Ameshindwa kushika.

Msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Ni kweli, daktari Lemoine aliyaandika Ufaransa mwaka 1968, na Jones na Smith wa Marekani wakaupa ugonjwa jina mwaka 1973. Lakini kati ya sehemu zote zilizopimwa duniani, mojawapo iliyokutwa na watoto wengi zaidi iko Afrika hii hii: Western Cape, Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu. Huko kwa vizazi vingi vibarua walilipwa sehemu ya mshahara kwa divai. Mfumo huo waliuita dop. Ulikatazwa, lakini ulevi ulibaki, na watoto ndio wanaolipa.

Najua jibu lenu: "Bibi yangu alikunywa kasiksi, nami nimezaliwa muzima." Nakubali. Si kila mimba iliyoguswa na pombe inaleta mtoto mwenye shida. Inategemea wingi, wakati, chakula cha mama na mengine. Hata mtu akivuka barabara ya Mpondwe amefumba macho, malori yakipita, anaweza kufika ng'ambo. Je, tutamfundisha mtoto avuke hivyo? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwenye mimba. Na hii ya kusema tonto ni chakula, ati inaleta maziwa, tuiache. Tonto, lotoko, waragi, bia ya chupa: tumboni zote ni pombe.

Sasa naona vidole vinanyooshwa kwa mama. Ngojeni kwanza. Nani anarudi jioni na chupa na kumwambia mke wake, "Kunywa kidogo, usinikatalie"? Wanawake wengi wiki za kwanza hawajui hata kama wana mimba. Wengine wameona mambo huko Beni ambayo hayawaachi walale. Na anayepika waragi ni jirani yetu, mama kama wengine. Tangu mwaka 2023 wakimbizi wamegawanywa kwa makundi ya msaada wa chakula, na wako walioondolewa kabisa. Waragi ndiyo ada ya shule ya watoto wake. Ukimvunjia mapipa bila kumpa kazi nyingine, kesho atapika porini.

Serikali nayo mwaka 2019 ilipiga marufuku waragi wa vipakiti. Tulishangilia. Waragi ukahamia kwenye vichupa vya plastiki. Chombo kilibadilika, mnywaji ni yule yule.

Nyinyi wa mashirika, na nyinyi nawasema. Juni 2019, Ebola ilipoingia hapa Bwera, tuliona watu wanapimwa joto mpakani na kunawa maji ya klorini. Kumbe mkitaka mnaweza! Lakini nilipomsindikiza dada yangu kliniki akiwa na mimba, aliulizwa chandarua, alipimwa damu, alipimwa virusi. Pombe haikutajwa hata mara moja. Muulizeni kila mama, pembeni, bila kumwaibisha, maana akiaibishwa harudi tena. Muulizeni na mume. Mwambieni kwamba hata akiwa mwezi wa saba, kuacha leo kunamsaidia mtoto. Na yule ambaye akikosa pombe anatetemeka, asiachwe aache peke yake ghafla, ni hatari. Anahitaji mganga wa hospitali amsimamie.

Walimu na wazazi, msianze kupima sura za watoto. Wengi walioumizwa na pombe hawana alama yoyote usoni. Tena njaa, malaria ya ubongo na milio ya risasi vinaweza kuleta tabia zinazofanana. Sisi si madaktari, na sababu inaweza isijulikane kamwe. Lakini namna ya kumsaidia haingojei sababu: neno moja kwa wakati mmoja, ratiba ile ile kila siku, kumwonyesha kwa mkono, kumsifu akipata. Hakuna fimbo iliyowahi kuotesha seli ya ubongo.

Yule wa mpira sasa namwambia tu, "Funga mlango." Anafunga. Halafu namwambia la pili. Inachukua muda, ndiyo. Shuleni bado wanampiga, na wiki hii nakwenda kuongea na mwalimu wake. Wewe unayesoma, unaye wako. Nenda na wewe.