Pafu la machinjioni lifuatwe hadi zizini

Ng'ombe aliyezidiwa na homa ya mapafu hahitaji maabara ili atambuliwe. Kundi likitoka zizini asubuhi yeye huburuta miguu nyuma. Akiswagwa kidogo hukohoa, kisha husimama kanyoosha shingo, viwiko kavitenga na mbavu, akiguna kila anaposhusha pumzi. Wamaasai huuita ugonjwa huu olkipiei na wanaujua vizuri. Lakini huyo anayeguna keshachelewa kuonekana. Tangu kuvuta vimelea hadi kukohoa zaweza kupita wiki tatu, wakati mwingine miezi, na muda wote huo analala na wenzake, ananyweshwa lambo moja na mifugo ya jirani, pengine keshauzwa mnadani. Ndiyo maana nasema vita vya homa ya mapafu tunavipigana mahali sipo, kwenye bomba la sindano, ilhali taarifa tunayoihitaji inaning'inia kwenye ndoano ya machinjio.

Tuanze na sindano. Mfugaji akisikia kikohozi huenda duka la dawa za mifugo, na akirudi na penisilini, dawa iliyozoeleka, kapoteza pesa. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao, na huyu wa homa ya mapafu, Mycoplasma mycoides, hana ukuta. (Na hapo tumechukulia kwamba ni homa ya mapafu kweli, maana ndigana kali nayo huleta kikohozi na pumzi za shida, na dawa yake ni nyingine kabisa.) Oksitetrasaiklini na tailosini zinasaidia kiasi: ng'ombe hupata nafuu, hula, hunenepa. Ila ndani ya pafu huweza kubaki kipande kilichokufa, kimezungukwa na ganda gumu kama kokwa ndani ya embe, na bakteria wakaishi humo kwa miezi. Kwa sababu hiyo ushauri wa kimataifa kwa miaka mingi umekuwa kutotibu. Mimi sifiki huko. Majaribio ya Namibia kwa danofloksasini yalionyesha kuwa dawa inaweza kupunguza sana maambukizi kwa ng'ombe wanaokaa na mgonjwa. Tena, kumwambia mtu ambaye benki yake ni mifugo amtazame ng'ombe akifa ni kujidanganya: atatibu tu, ila kwa siri. Ubaya wenyewe uko kwenye hiyo siri.

Machinjioni hakuna siri. Mkaguzi wa nyama akipasua kifua cha ng'ombe mgonjwa hukuta maji ya manjano, na pafu, kwa kawaida la upande mmoja, limegandana na mbavu, zito kama ini. Akilikata huona limechorwa kama marumaru. Aliyepoa kwa sindano naye hukutwa na kokwa yake. Pafu hutupwa, nyama iliyo salama huenda buchani, na habari mara nyingi huishia hapo. Tanzania iliutokomeza ugonjwa huu 1964. Ulirudi 1990 kupitia mpaka wa kaskazini, ukaenea kwa miguu ya ng'ombe wanaohamishwa na kuuzwa. Ugonjwa unaosafiri hivyo hukamatwa kwa kurudi nyuma, kutoka ndoano hadi mnada, kutoka mnada hadi zizi.

Wapo watakaosema chanjo inatosha, kama ilivyotosha kwa sotoka iliyotangazwa kutokomezwa duniani 2011. Mfano huo hausimami. Chanjo ya sotoka ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Hii ya homa ya mapafu, T1/44, ambayo chimbuko lake ni kimelea kilichopatikana hapa hapa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, humkinga takribani mwaka mmoja, yataka ubaridi njia nzima, na mara nyingine huacha uvimbe mbaya palipochomwa, jambo linalomfanya mfugaji aswage kundi porini siku ya chanjo. Chanjo ya namna hiyo haimwagwi nchi nzima kama mvua. Huelekezwa, na pafu ndilo linaloonyesha pa kuielekeza.

Pingamizi zito zaidi ni la karantini: ukimfuata mfugaji hadi zizini utamfungia mifugo, naye atajifunza kuchinjia wagonjwa kichakani. Ni kweli, kama kumfuata maana yake ni kumwadhibu. Botswana ilichinja ng'ombe wapatao 320,000 huko Ngamiland katika miaka ya 1990 na kuufuta ugonjwa, lakini ililipa fidia. Kufunga minada bila fidia ni kumtoza faini aliyesema ukweli. Basi anayefuatwa apelekewe daktari wa mifugo na dawa sahihi, na majirani zake wapelekewe chanjo. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu 2010. Daftari la mkaguzi liongezewe safu moja: pafu hili limetoka zizi gani.