Kompresa Haijafa, Unauziwa Woga

Wasee, hii tabia ya kuzika kompresa kabla haijapimwa lazima iishe. Kila mwaka ni story ile ile: Nairobi ina baridi kuanzia Juni, hakuna anayegusa AC. Jua likirudi unabonyeza swichi, na huko mbele kunalia kama mashine ya kusaga unga. Fundi hata hajafungua boneti vizuri, ushaambiwa, "Hii imekufa, nunua ingine." Ati imekufa? Nani amepima?

Kelele si jibu, ni swali. Zima AC, acha injini iungurume, halafu sikiza. Kama kelele bado iko, anza na mkanda na beringi ya puli, kwa sababu puli huzunguka hata AC ikiwa imezimwa. Beringi mara nyingi hubadilishwa peke yake. Kama inalia tu ukiwasha AC, kagua klachi, pima gesi kwa geji, ndio sasa tuongee kuhusu kompresa yenyewe.

Na wenye magari pia wasikilize. "AC inakula mafuta," sawa, inakula. Lakini oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Miezi bila kuwasha, sili ya shafti inakauka, gesi inavuja polepole, klachi inashika kutu. Dakika kumi kila wiki zinatosha, hata Julai. Na si hasara, asubuhi ya baridi AC ndiyo inaondoa ukungu kwenye kioo cha mbele.

Kuna siku kompresa huwa imekufa kweli, sikatai. Ukisikia chuma kikisaga chuma, zima hapo hapo, maana vipande vidogo husambaa kwa mfumo wote. Lakini hata hapo, fundi anayefunga kompresa mpya bila kuosha mabomba na kubadilisha draya anakuuzia kompresa mbili: hii ya leo, na ile utarudi kununua takataka zikishaua hii.

Kwa hivyo kabla utoe simu utume pesa, sema neno moja: nionyeshe. Nionyeshe geji inasoma nini, kelele inatoka wapi. Na spea ya zamani niondoke nayo. Fundi anayejua kazi hataudhika. Anayeudhika, manze, washa gari uende.