Aliyemeza Panadol kupita kiasi ni mgonjwa, si mhalifu

Hebu fikiria uko Makongeni, Thika, usiku, na beste yako anakuambia amemeza Panadol nyingi. Anaongea vizuri, haumwi popote. Utampeleka hospitali, ama mtangoja kuche?

Hapo kwa kungoja ndipo watu huumia. Parasetamoli ikizidi mwilini haikuangushi papo hapo. Siku ya kwanza unaweza kusikia kichefuchefu tu, au usisikie chochote. Kumbe ini limeishiwa na kinga yake ya kusafisha sumu ya hiyo dawa, na sumu imeanza kulishambulia. Ukingoja macho yawe manjano, umechelewa.

Dawa ya kuzima sumu hiyo ipo. Inaitwa asetilisisteini, na Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kazi yake ni kulirudishia ini kinga. Ikianzishwa ndani ya masaa 8, karibu kila mtu hupona. Baadaye bado inasaidia, lakini nguvu hupungua.

Kwa miaka mingi, woga ndio ulikula hayo masaa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na ungeweza kufungwa hadi miaka 2. Mzazi angempeleka aje mtoto hospitali akiogopa pingu? Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kama hukuisikia, isikie sasa.

Kwa hivyo usianze na maswali ya alikusudia ama alikosea. Hata kuchanganya Panadol na dawa ya mafua yenye parasetamoli kunaweza kukupitisha kiasi. Usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yatasafisha. Beba pakiti, kumbuka saa aliyomeza, mkimbie Thika Level 5, ama hospitali iliyo karibu kama mko Ruiru. Waambie ukweli ili wapime damu mapema. Na kama ni wewe umelemewa na mawazo, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Mahakama imefanya yake. Swali limebaki kwa kaunti zetu, na sisi wapiga kura tuliulize: mgonjwa akifika usiku wa manane, hiyo asetilisisteini iko kwa stoo, ama ataandikiwa akainunue nje?