Kununua siku za preavi: ni jambo la usalama pia

Wandugu wafanyakazi, siku hizi mashirika ya migodi ni mengi huku Kolwezi, Likasi na Fungurume, na mtu wa kazi anapita kutoka moja kwenda lingine. Fundi wa mashini anaitwa mahali penye mshahara mzuri zaidi, na wanaomwita wanamtaka Jumatatu ijayo. Hapo anajiuliza: nimalize siku zangu za preavi, ao nilipe niende? Wengi wanadhani hilo ni neno la biro ya wafanyakazi tu. Sisi tunaona lina nafasi yake katika ukurasa huu wa usalama na afya.

Kwanza tufahamu sheria. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyosahihishwa mwaka wa 2016, inasema hivi kwa kontra isiyo na tarehe ya mwisho: mwajiri anayevunja kontra atoe preavi ya siku 14 za kazi, aongeze siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima ambao mtu ametumika. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Chukua mtu wa miaka 6: shirika linapaswa kumpa siku 56, yeye analipaswa siku 28. Barua iandikwe, na siku zinaanza kuhesabiwa kesho yake. Asiyetimiza siku hizo, awe mwajiri ao mfanyakazi, anadaiwa malipo yanayolingana na mshahara na faida zote za siku zilizobaki. Hiyo ndiyo tunaita kununua preavi. Si wizi wala si aibu. Sheria yenyewe imeiweka.

Lakini siku za preavi zina kazi mbili ambazo franga haziwezi kufanya.

Kazi ya kwanza ni kuachilia mahali pa kazi. Mtu aliyetumika miaka mingi chini ya udongo anajua mambo yasiyoandikwa. Anajua ni wapi jiwe la juu linalia kama ngoma likigongwa kwa chuma. Anajua ni mashini gani inayochelewa kushika breki ikiwa na mzigo. Anajua tundu ambalo mina yake ilikataa kulipuka. Akitoka Ijumaa bila kusema, Jumatatu mwenzake anasimama mahali pale pale bila kujua kitu. Je, nani atalipa ikiwa jiwe linaanguka? Kwa hiyo tunasema: hata ukinunua siku 28, usinunue zote. Bakiza siku mbili ao tatu za kutembea pamoja na yule anayechukua nafasi yako, kapita akiwapo. Mwonyeshe kila kitu kwa mkono, kisha yaandikwe katika daftari la kazi.

Kazi ya pili ni kuangalia mwili wako. Vumbi la jiwe linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponyesha. Unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha mgodi. Na mwenye silikosisi anashikwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko wengine. Vilevile kelele ya mashini ya kutoboa inaua masikio polepole, mwenyewe asijue. Ukiondoka kwa haraka bila picha ya kifua na bila kipimo cha masikio, utafanya nini miaka 8 ijayo, umekwisha kupita katika mashirika matatu? Kila moja litasema ugonjwa ulitoka kwa lingine. Picha ya siku ya kutoka ni shahidi wako. Omba ipigwe kabla ya kupokea ao kulipa franga, na uombe karatasi yake. Pamoja nayo chukua cheti cha kazi, kinachoonyesha ulitumika kazi gani, toka tarehe gani hata tarehe gani. Bila karatasi hizo ni vigumu kudai haki ya ugonjwa wa kazi mbele ya CNSS.

Wengine watajibu: kumshika mtu aliyekwisha kuandika barua ni hatari pia. Ni kweli, hatukatai. Mwili wake uko shimoni, mawazo yake yako kwa kazi mpya. Mtu wa namna hiyo hatazami vizuri anapoweka mguu. Ndiyo sababu tunawaomba wakubwa wa kazi: mtu akikwisha kuachilia kazi yake vizuri na kupimwa na muganga, msimfunge bure kwa siku zilizobaki. Patana naye. Na kama usalama ao afya yake imeingia katika hatari kubwa ambayo hakuweza kuijua alipotia sahihi kontra, sheria inamruhusu kuondoka pasipo preavi. Hapo hakuna cha kununua. Lakini asiende kimya: aite mjumbe wa sindika, hatari iandikwe, ili wenzake waliobaki wasife kwayo.

Neno moja kwa wamama wa nyumba. Shirika likilipa preavi na kumwambia baba aondoke leo, franga zinaonekana nyingi kwa sababu zimekuja mara moja. Kumbukeni kwamba ni mshahara wa siku zinazokuja, si zawadi. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na jamaa nyingi za Katanga zinajua franga za kuondokea zinavyokwisha. Kabla ya kugawanya, ulizeni: nyumba ya shirika tutaiacha lini? Matunzo ya watoto hospitalini yanaishia siku gani? Baba amepigwa picha ya kifua?

Ndugu, preavi inaweza kununuliwa, na mara nyingine ni vema kuinunua. Lakini mwonyeshe mwenzako jiwe lililo baya, na umwonyeshe muganga kifua chako. Kisha toa ao pokea franga, usalimie ekipi yako, uende salama.